Kwa Mama Mwanahawa, Njia ya Kondoa

Haneti, Ugogo
Tarehe 20 Mei 1913

Kwa mdogo wangu Priska, mke wa Mwalimu Seth, Morogoro

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na mumeo na watoto, na marahaba yako naitoa kabla hujaniamkia, maana najua ungekuwa karibu ungekwisha kupiga goti. Je, kifua cha Loisi kimepona? Nilipoondoka Morogoro alikuwa bado anakohoa asubuhi, na shemeji Seth aliniambia mmekusudia kumpeleka misheni apewe dawa. Natumaini sasa anakimbia na wenzake. Na yule mdogo, jino la pili limetoka? Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa malengelenge ya miguu, ambayo siyaiti ugonjwa. Ni adhabu ya mtu aliyezoea kukaa mjini.

Utashangaa kuona barua hii imetoka Haneti wala si Kondoa. Ulijua kwamba niliitwa kwenda kutengeneza milango na madirisha ya nyumba mpya huko bomani Kondoa, na kwamba nilitakiwa nifike kabla mwezi haujaandama. Mwezi umekwisha kuandama nami bado niko hapa, leo siku ya tano, na msimamizi wa mafundi bila shaka ananisema vibaya. Nitakueleza yote kwa taratibu. Naomba uisome peke yako kwanza, mahali penye utulivu, kisha ukipenda umpe Seth naye asome.

Gari la moshi lilinishusha Dodoma jua likiwa linaelekea kuzama. Nililala kwa fundi mwenzangu karibu na stesheni, na asubuhi nikajitwika sanduku langu la zana nikashika njia peke yangu. Mwenyeji wangu alinishauri nisubiri wafanyabiashara wa Kirangi waliokuwa wakirudi kwao baada ya siku mbili, lakini sikutaka. Nilikuwa na hamu ya kuipita njia ile bila mtu wa kuzungumza naye. Sijui kama unaielewa hamu ya namna hiyo. Wewe tangu utoto ulipenda watu.

Nilipitia Hombolo. Nyumba ya baba imeanguka yote, dari ya udongo imelala juu ya sakafu, na uwele umeota pale tulipokuwa tukilala. Bwana mmoja aitwaye Mazengo ndiye anayelima hapo sasa. Alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa mgando, akaniuliza kama nimekuja kudai shamba. Nilimjibu kwamba nimekuja kutazama tu. Nilisimama mahali tulipomzika mama, nikasali, nikaendelea na safari.

Baada ya hapo njia ilinisikitisha. Unaikumbuka ilivyokuwa? Watu wanne waliweza kupita bega kwa bega, na udongo ulikuwa umekanyagwa na nyayo za wapagazi hata ukawa mgumu kama sakafu. Tulikuwa tukisikia ngoma ya msafara kabla hatujaona vumbi lake. Sasa majani yameota katikati ya njia, na katika siku mbili nilikutana na watu watano tu, wawili kati yao wakichunga mbuzi. Mizigo yote imehamia kwenye reli. Mimi mwenyewe nimekula mkate wa reli miaka mitano, nimeranda mbao za mabehewa na milango ya stesheni, na sikuwahi kufikiri kwamba kila behewa nililolitengeneza lilikuwa linaondoa watu katika njia hii.

Kadiri nilivyokaribia Haneti ndivyo nilivyozidi kukumbuka mwaka ule wa njaa, tulipokuja wote wawili. Wewe ulikuwa na miaka minane, nami kumi na mitano. Nzige walikuwa wamekula uwele hata mabua, kisha mvua ikakataa. Mama alikuwa amekufa, na baba alikuwa amekwenda kutafuta nafaka upande wa Kilimatinde, hakurudi wala hatukuletewa habari zake. Nilikubeba mgongoni siku ya mwisho, na hukuwa mzito. Tulipanda kile kilima kidogo, na harufu ikatufikia kabla ya kuuona moshi. Ulikuwa umelala, nayo harufu ndiyo iliyokuamsha. Uliniuliza kama tumefika kwa mama.

Mama Mwanahawa hakutuuliza sisi ni watoto wa nani. Alichota uji wa uwele, kata moja ndogo kwa kila mmoja, kisha akatunyima mwingine. Ulilia. Mimi nilimchukia pale pale, kwa sababu niliona vyungu vimejaa. Baada ya muda akatupa kata nyingine, na baada ya muda nyingine tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba tumbo lililokaa na njaa siku nyingi likijazwa mara moja huua, na kwamba alikuwa amewaona watu wakifa mbele ya banda lake na chakula mdomoni. Alikuwa Mrangi wa Kolo, mjane wa mnyapara mmoja wa misafara aitwaye Msafiri, aliyemjengea banda lile la chakula kisha akafariki kwa homa safarini. Hakuwa na mtoto. Jina lako la nyumbani lilikuwa gumu mdomoni mwake, akakuita Tabu, kwa kuwa ulikuja wakati wa tabu, na jina hilo likakukaa mpaka ulipobatizwa.

Nikifumba macho naliona banda kama lilivyokuwa. Vyungu vinane juu ya mafiga, kimoja cha ugali, viwili vya kunde, vingine vya nyama siku ya mbuzi kuchinjwa. Wapagazi wamekaa juu ya magogo, mabega yao yametoka ngozi kwa mizigo, wanacheka. Na wewe umesimama na upawa uliokuzidi urefu, unawauliza watu wazima kama wamenawa mikono. Unakumbuka yule askari aliyewasukuma wapagazi ili apakuliwe kwanza? Mama Mwanahawa alifunika vyungu vyote vinane, akaketi juu ya kigoda, akaanza kusuka ukili wa mkeka. Alisuka bila kusema neno mpaka askari akarudi mwenyewe nyuma ya watu. Ndipo akafunua. Hadithi hiyo nimeisimulia Bagamoyo, nimeisimulia Dar es Salaam, na kila mahali watu wamecheka.

Basi nilifika mchana, siku ya Ijumaa. Banda limebaki nusu. Upande wa magharibi dari imebomoka na hakuna aliyeijenga upya. Mafiga ya vyungu saba yamepoa, nyasi zimeota kati ya mawe, na chungu kimoja tu ndicho kilichokuwa jikoni. Palikuwa na wateja wawili, Warangi wenye mbuzi wa kupeleka Dodoma. Mama Mwanahawa alikuwa ameketi akipepeta, na nywele zake zote zimekuwa nyeupe. Macho yake yameingia ukungu. Nilisema shikamoo mama, akasema marahaba, karibu, kunde zipo, nawa ukae. Alinena kama anavyonena na mpita njia yeyote, nami nikafurahi kwamba hakunitambua, kwa sababu nilitaka kula kwanza.

Priska, nimekula pilau Bagamoyo na samaki wa pwani wa kila namna. Nimekula harusini kwako, na mlipika vizuri. Lakini aliponiletea ule ugali wa uwele wa moto, na kunde zilizoungwa kwa karanga na samli kidogo, na mlenda mkavu pembeni, nilipotia tonge la kwanza mdomoni ilinibidi niinamishe kichwa ili wale Warangi wasiuone uso wangu. Haukubadilika hata kidogo, mdogo wangu. Ile ladha ya moshi iko pale pale, na ule uchungu mdogo wa majani unaokuja mwishoni, ambao wewe ulikuwa ukisema ni chungu kinakutania. Nilikula kama mtoto. Nilipomaliza aliniongeza bila kuulizwa, na nilipomaliza hayo pia, akaja akaketi karibu yangu, akafuta mikono kwenye kanga yake.

Kisha akasema, "Matonya, Tabu hajambo?"

Alikuwa amenitambua kwa sauti tangu nilipomwamkia, akaniacha nishibe kwanza. Nilimwambia kwamba hujambo, umeolewa na mwalimu mwema, una watoto wawili. Alitaka majina yao. Alitaka kujua Loisi amefanana na nani, na kama wewe bado unalala na mkono chini ya shavu. Nilimjibu yote niliyoyajua. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu wateja walikuwepo, "Nilimkosea nini mtoto yule, Matonya? Nimefikiri miaka tisa. Nilimpiga mara moja tu, siku aliyocheza na moto. Je, ni kwa ajili ya hiyo?"

Nilisema sijui. Wewe unalo jibu ambalo umeliweka moyoni miaka hiyo tisa. Mimi nilikuwa na jibu lingine, na bado nilisema sijui.

Nilikusudia kuondoka kesho yake alfajiri. Sikuondoka. Nilijiambia kwamba mlango wa ghala lake umeoza bawaba, na kwamba fundi hawezi kupita akauacha mlango wa mama yake unaning'inia. Nikafungua sanduku nikafanya kazi siku nzima ya Jumamosi. Nilirekebisha mlango, nikachonga miguu mipya ya benchi, nikasimamisha nguzo mbili upande ule uliobomoka. Yeye alikuwa akija kupapasa kazi yangu kwa vidole, maana haoni vizuri, na kila mara alinisifu. Kila sifa iliniumiza. Akanieleza kwamba mtoto wa kaka yake, Yahaya bin Shaaban wa Kolo, atakuja kumchukua uwele ukishavunwa. Atafunga banda. Hapingi, kwa sababu siku nyingine hapati mteja hata mmoja, na mwezi uliopita alijiunguza mkono kwa kutoona ukingo wa chungu. Alisema maneno hayo kana kwamba anaeleza habari ya jirani. Lakini baadaye nilimwona amesimama kati ya yale mafiga ya zamani, anayagusa kwa mguu moja moja, kama mtu anayehesabu watoto wake.

Jumapili pia nilibaki. Alinisimulia mambo mengi ya zamani, na yote yalikuwa juu yako na juu yangu. Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Kwamba mwaka ule nilipotoweka, alizima moto wa jikoni siku tatu. Msafara mkubwa ulipita ukakuta vyungu vimepoa, na haikuwahi kutokea kabla wala baadaye. Siku hizo tatu alizunguka porini akiniita jina langu, kwa sababu alikuwa amenituma kuni na shoka langu likaonekana chini ya mti. Alidhani nimeliwa na simba. Alirudi miguu imechanika kwa miiba.

Priska, sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Mama Mwanahawa hakunifukuza. Hakuniambia kamwe kwamba chakula hakitoshi watu wawili. Maneno yale niliyatunga mimi.

Siku ile nilikwenda kukata kuni kweli. Msafara wa Halfani ulikuwa unapita kwenda Tabora, na ngoma ilikuwa mbele, na vijana wa rika langu walikuwa wamejifunga vitambaa vyekundu. Walikuwa wanatafuta mtu wa kushika nafasi ya mgonjwa. Nilikuwa nimechoka kuteka maji na kutwanga, kazi ambazo wenzangu wa kijijini walinicheka kwa kuzifanya. Nikaweka shoka chini ya mti nikaenda. Sikukuaga kwa sababu nilijua ungelia, na ukilia nisingeweza kwenda. Ndiyo hiyo tu sababu yake, mdogo wangu. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Nilikuacha kwa ajili ya ngoma na kitambaa, nawe ulikuwa na miaka kumi.

Baada ya miaka mitatu nilirudi, na nilikukuta kisimani, kwenye ule mchanga wa mtoni, umekwisha kujaza kibuyu. Ulinitambua kabla sijakutambua. Hukunikumbatia. Uliniuliza, "Kaka, kwa nini uliniacha?" Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njiani, lakini si kwa hilo, wala si kwa namna ulivyonitazama. Nikaona nikisema kweli nitakupoteza. Uongo ukanitoka bila kufikiri. Nilisema, Mama Mwanahawa aliniambia niondoke, alitaka msichana wa kumsaidia, hakutaka mvulana wa kulisha. Ulikitazama kibuyu chako. Kisha ukasema, "Kumbe alijifanya kukutafuta." Sikukuelewa wakati ule, kwa kuwa sikujua habari ya siku tatu. Nimeielewa Jumapili hii. Ulikuwa umemwona anarudi na miguu inatoka damu, na uongo wangu ukakufanya uione damu ile kuwa ni mchezo.

Ukaweka kibuyu chini ukasema twende. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema tukamuage. Nilikushika mkono tukaenda Mpwapwa kwenye misheni, na yote mema uliyoyapata huko, kusoma, ubatizo, mume, sina haki ya kuyatumia kama kisingizio. Yeye alikikuta kibuyu kimejaa maji kando ya kisima, na mtoto hayupo. Akatafuta tena. Kwa muda wa miezi minne alikuwa akimuuliza kila mpita njia, mpaka mfanyabiashara mmoja alipomwambia ametuona Mpwapwa, wazima, tunaimba kanisani. Alisema siku hiyo alichinja mbuzi akawalisha watu bure.

Na ile asali. Unaikumbuka, mwaka ulipomzaa Loisi? Alikutumia kibuyu cha asali ya Kolo, nawe ukamrudishia aliyeileta, ukasema peleka huko ilikotoka. Mimi nilikuwa nimeketi barazani kwako. Nilisikia kila neno, nikaendelea kunoa patasi.

Jana, Jumatatu mchana, nilimwambia yote. Alikuwa ameniwekea sahani na nilikuwa nimekula tonge mbili tatu. Nilisema bila kupumzika, macho yangu chini, mpaka mwisho. Sikuthubutu kumtazama. Alipoinuka nilidhani ataniombea dua, au atanitukana, na nadhani ningelipokea lolote kwa shukrani. Aliinama akaichukua sahani mbele yangu, akaiweka juu ya kichanja.

Alisimama akinipa mgongo. Akasema, "Basi si mimi." Alirudia mara mbili, taratibu, "Basi si mimi." Nikaona mabega yake yanatikisika. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya yule askari. Akaniambia kwamba nikiwa mtoto alinisamehe kutoweka, kwa sababu watoto hukimbia. Lakini kumkalisha mtu mzima miaka tisa akijichunguza makosa, kila anapolala na kila anapopika, hilo si la mtoto. Akasema katika banda lile hajamnyima mtu chakula tangu alipowasha moto wa kwanza, hata wezi wamekula hapa. "Wewe utakuwa wa kwanza," akasema. "Mwandikie Tabu. Ukimaliza unisomee, nisikie kwa masikio yangu. Chakula tutazungumza baadaye."

Kwa hiyo tangu jana nimekunywa maji tu, na nakuandikia nikiwa na njaa. Sikuelezi haya ili unionee huruma. Ni njaa ndogo sana. Tangu asubuhi nimeketi kwenye benchi niliyoitengeneza, naandika, na yeye anakoroga kunde zake hatua kumi kutoka hapa. Wateja wamekuja watatu, amewapakulia wote. Mmoja aliniuliza mbona fundi hali, na mama akamjibu kwamba fundi ana kazi.

Nimemsomea barua yote mpaka mstari huu. Alisikiliza na kisu mkononi, akiwa ameacha kumenya. Ameniamuru nifute pale nilipoandika kwamba mabega yalitikisika, anasema ulikuwa moshi. Sikufuta, nimemwambia sitakuandikia uongo tena, hata mdogo, na akakubali kwa shingo upande. Pia ametaka niandike kwamba hakuiti. Anasema una nyumba na mume na mtoto mwenye kifua, na njia ni ndefu, na yeye atakwenda Kolo kwa watu wake, watamtunza. Ametaka tu ujue kwamba alikutafuta kweli. Hayo ndiyo maneno yake. Maneno yangu mimi ni kwamba uwele huku utavunwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na baada ya hapo banda halitakuwepo, na kwamba gari la moshi linafika Dodoma kila juma, na kutoka Dodoma ni siku tatu za miguu. Hasani, huyu Mrangi atakayeichukua barua hii, hupita njia hii mara mbili kwa mwezi na mkewe, na amesema mtu wa kwetu hawezi kukosa wa kufuatana naye. Sikuambii uje. Nimepoteza haki ya kukuambia ufanye nini kwa habari ya mama huyu.

Kesho nitakwenda Kondoa nikapokee karipio langu kwa msimamizi. Milango itanichukua miezi miwili. Nimemwomba mama ruhusa ya kurudi kumsaidia siku ya kuhama, amesema atafikiri.

Mweleze Seth kwa namna utakayoona inafaa. Asipotaka nikanyage tena barazani kwake nitamwelewa. Mwambie Loisi kwamba mjomba anamsalimu, na umbusu mdogo kwa niaba yangu. Wasalimie wote wa kanisani, na jirani yenu Mama Anyesi, na kila anayeniulizia. Mama Mwanahawa anakusalimu, na anawasalimu wajukuu zake. Neno hilo la wajukuu ni lake, amelisema mwenyewe na akanitaka niliandike vizuri.

Mwisho, mdogo wangu, najua barua hii itakukasirisha, na hasira hiyo ni haki yako. Ukiona una nguvu ya kuandika barua moja tu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, nami nitakwenda kumsomea, kama atanikubali.

Ni mimi kaka yako,
Bartolomayo Matonya, fundi seremala